Kupimwa Uboho wa Mfupa: Tusikubali kwa Woga, Tusikatae kwa Uvumi



Mwenzetu mmoja, fundi wa mawe na mweka hazina wa kikundi chake, alilazwa hospitali kwa wiki tano. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia wenzake wazi kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, kwa hivyo hatutoi siri ya mtu. Hata hivyo jina lake tunaliacha. Alikuwa ameacha dawa zake karibu mwaka mzima alipokuwa kwenye kazi ya mjengo mbali na nyumbani. Aliporudi alikuwa na homa kila jioni, jasho la usiku, amekonda, na damu imepungua mpaka akaongezwa chupa mbili. Alipimwa malaria, hakuna. Makohozi, hakuna. Picha ya kifua haikuonyesha kitu. Ndipo daktari akasema: "Tunataka kumpima uboho."

Familia ikaketi. Mjomba akasema mtu akitolewa uboho hatembei tena. Mwingine akasema uboho huuzwa. Mama mzazi akauliza, "Mtoto wangu hana damu, na sasa wanataka kutoa hata ile iliyo ndani ya mifupa?" Katika wodi ile hakuna aliyekaa chini na kuwaeleza. Karatasi ya kukubali ililetwa asubuhi, ikaachwa juu ya kitanda. Mgonjwa akamtazama mama yake, mama akatikisa kichwa, na mgonjwa akakataa. Wakamrudisha nyumbani. Baada ya siku kumi na moja tukamzika.

Hatuwezi kusema kipimo kile kingemwokoa. Pengine ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali mno. Lakini tunajua jambo moja: alikufa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua jina lake, na walikataa kitu ambacho hakuna aliyewaeleza. Kwenye matanga mama alituuliza, "Kwani huo uboho ni nini?" Makala hii ndiyo jibu tulilopaswa kumpa mapema. Sisi ni wafanyakazi wa jamii, si madaktari. Kwa hivyo tumewauliza matabibu na wauguzi, na haya ndiyo tuliyojifunza.

UBOHO NI KITALU CHA DAMU

Kila mmoja wetu amewahi kugonga mfupa wa mbuzi na kunyonya kile kilicho ndani. Hicho ndicho uboho, na wengine huita uloto. Kwa mtu mzima, uboho ulio ndani ya mifupa mirefu ya miguu na mikono mwingi ni mafuta. Uboho mwekundu, ule unaofanya kazi, hukaa hasa katika mifupa ya nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo.

Kazi yake ni kutengeneza damu. Vikundi vyetu vingi vina vitalu vya miche, kwa hivyo tufikirie hivyo: damu iliyo katika mishipa ni miche iliyopandwa shambani, na uboho ndio kitalu. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Ndiyo sababu kitalu hakilali. Uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, mchana na usiku.

Kitalu hiki hutoa miche ya aina tatu. Kwanza ni chembe nyekundu, zinazobeba hewa safi mwilini. Zikipungua mtu huchoka, moyo humdunda, na hata kupanda kilima kidogo kunamshinda. Pili ni chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Zikipungua, magonjwa huingia kama ng'ombe kwenye shamba lisilo na ua. Tatu ni chembe za kugandisha damu. Zikipungua mtu hutoka damu puani au kwenye ufizi, au hupata alama za damu chini ya ngozi bila kugongwa.

KWA NINI DAMU HUPUNGUA KWA MTU MWENYE VIRUSI?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu mwenye virusi akipungukiwa na damu, tunasema "ni ule ugonjwa wake" na tunanyamaza. Ni kweli kwamba virusi vyenyewe hudhoofisha uboho, hasa kwa mtu ambaye hajaanza dawa au ameziacha. Lakini kuna sababu nyingine, na nyingi kati ya hizo zina tiba.

Miche ikiharibika, mkulima mwerevu hajiulizi swali moja tu. Huenda miche imetoka kitaluni ikiwa mizuri, ikafia shambani: hiyo ni kama damu inayoharibiwa na malaria, au inayomwagika kwa sababu ya hedhi nyingi, vidonda vya tumbo au minyoo ya safura. Huenda kitalu kimekosa mbolea na maji: hiyo ni lishe duni, ukosefu wa madini ya chuma na vitamini. Huenda dawa iliyonyunyizwa imezidi kitalu nguvu: dawa ya AZT, ambayo ilitumiwa sana miaka ya nyuma na hata leo baadhi ya watu wanaitumia, inaweza kupunguza damu, na mtu akibadilishiwa dawa hiyo mara nyingi damu hurudi.

Halafu kuna wadudu wanaoingia ndani ya kitalu chenyewe. Hawa ndio sababu kubwa ya kipimo tunachozungumza.

Wa kwanza ni TB. Wengi wetu tunajua TB ya mapafu, ile ya kukohoa. Lakini kinga ya mtu ikishuka sana, TB husafiri na damu na kuingia kwenye ini, wengu, tezi na uboho. Mtu huyu anaweza asikohoe kabisa. Makohozi yake yanakuwa safi, picha ya kifua inaweza kuwa safi, na bado TB inamla. Mwaka 1993 ilichapishwa ripoti ya madaktari waliochunguza maiti za watu waliokuwa na virusi katika mji wa Abidjan, Ivory Coast. Waligundua kwamba TB ndiyo iliyoongoza kwa kuua, karibu mtu mmoja kwa kila watatu. Wakati huo dawa za kupunguza nguvu za virusi hazikuwafikia wagonjwa wengi wa Afrika. Leo zipo, lakini mtu aliyeacha dawa au aliyechelewa kupimwa anarudi katika hatari ile ile.

Wa pili ni kala-azar. Wenzetu wa Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Isiolo, Marsabit, Wajir na baadhi ya sehemu za Kitui wanaijua. Huletwa na kijidudu kirukacho, kidogo kuliko mbu, kinachopenda nyufa za udongo na vichuguu. Dalili zake ni homa ndefu, kukonda, wengu kuvimba mpaka tumbo la kushoto linakuwa gumu, na damu kupungua. Sasa sikilizeni vizuri: kile kipimo cha haraka cha tone la damu ambacho hutumiwa kwa kala-azar kinaweza kusema "hakuna" kwa mtu mwenye virusi, na kumbe ugonjwa upo. Hapo uboho hutazamwa kwa darubini, na vijidudu vyenyewe huonekana.

Wa tatu ni magonjwa ya ukungu, yaani fangasi. Haya si yale ya vidole vya miguu. Ni ya ndani, yanayosambaa mwili mzima wakati kinga imeshuka.

Mwisho ni magugu, yaani saratani. Saratani ya tezi, inayoitwa limfoma, huwapata watu wenye virusi zaidi kuliko wengine. Ikiingia kwenye uboho husonga kila kitu, kama magugu yanavyosonga miche.

SI KIPIMO CHA KWANZA

Jambo hili tunaomba lieleweke. Si kila mtu mwenye virusi anahitaji kupimwa uboho. Wengi wanaotumia dawa zao vizuri hawatakihitaji maishani mwao. Tena si kipimo cha kujua kama mtu ana virusi; hicho ni tone la damu tu.

Daktari mzuri huanza na vipimo vyepesi. Damu hupimwa kiasi chake, ile inayoitwa HB. Kwa kawaida mwanamume huwa na 13 au zaidi, na mwanamke asiye na mimba 12 au zaidi. Hupimwa malaria na choo. Kinga hupimwa, ikiwa chini ya 200 kwa mtu mzima, hiyo ni hatari. Kwa TB, kuna mashine ya GeneXpert ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, nayo hutoa jibu la makohozi kwa muda wa saa mbili hivi. Na kuna kipimo cha mkojo kiitwacho LAM, kilichopendekezwa na shirika hilo mwaka 2015 kwa watu wenye virusi walio wagonjwa sana au wenye kinga ya chini. Hicho huchukua dakika 25. Damu pia hupimwa ukungu, na huweza kuoteshwa maabara ili kuona kama kuna viini vinavyokua.

Tunamjua mama mmoja aliyekuwa na dalili zile zile za fundi wetu. Mkojo wake ulipopimwa, TB ikaonekana siku hiyo hiyo. Hakuhitaji sindano ya uboho. Leo anauza mboga sokoni. Kwa hivyo familia ina haki ya kuuliza, "Vile vipimo vyepesi vimefanywa?" Kuuliza si ukosefu wa adabu.

Daktari hufikiria uboho hasa katika hali hizi:

1. Homa imekaa wiki nyingi na vipimo vingine havikuonyesha sababu.

2. Damu iko chini na sababu haijulikani, hasa ikiwa aina mbili au zote tatu za chembe zimepungua pamoja.

3. Kala-azar inashukiwa, lakini kipimo cha damu hakikutoa jibu la kuaminika.

4. Saratani ya tezi inashukiwa, au imeshapatikana na wanataka kujua imefika wapi.

SINDANO YENYEWE HUFANYWAJE?

Mgonjwa hulala kwa ubavu au kwa tumbo. Mahali panapotumiwa sana ni mfupa wa nyonga upande wa nyuma, pale unapoweka mikono ukishika kiuno. Ngozi husafishwa kwa dawa. Kisha hudungwa ganzi, ya ngozi na ya juu ya mfupa. Ganzi huwasha kidogo.

Halafu sindano nene huingizwa ndani ya mfupa na uboho huvutwa kwa bomba. Hapa tusidanganyane: ganzi haifiki ndani ya mfupa, kwa hivyo wakati wa kuvuta mtu husikia maumivu makali kama ya kuvutwa mguu. Hudumu sekunde chache, kisha huisha. Kinachotolewa ni kidogo, kama kijiko kimoja cha chai au pungufu. Mara nyingi hukatwa pia kipande chembamba kama njiti ya kiberiti, chenye urefu wa sentimita mbili hivi.

Kazi yote humalizika kwa muda wa nusu saa hivi. Mahali hapo hubanwa mpaka damu ikome, na hufungwa bandeji. Bandeji hukaa kavu kwa siku nzima. Maumivu ya kawaida hubaki siku chache, na dawa ya kutuliza husaidia.

Hatari ipo, lakini ni ndogo. Uingereza madaktari walipohesabu vipimo vya namna hii, madhara makubwa yalitokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Yaliyo makuu ni kutoka damu na kuingiwa na viini. Kama mgonjwa anatumia dawa za kulainisha damu, au amewahi kutoka damu bila kukoma, lazima aseme mapema. Baada ya kurudi nyumbani, damu ikilowa bandeji bila kukoma, au pakivimba, pakiwa na usaha au homa ikapanda, arudi hospitali mara moja.

MAJIBU HUCHUKUA MUDA GANI?

Uboho uliopakwa kwenye kioo huweza kutazamwa kwa siku moja au mbili kama mtaalamu yupo. Kile kipande cha mfupa huchukua siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, maana lazima kwanza kilainishwe. Kuotesha TB kunaweza kuchukua mpaka wiki sita au zaidi, kwa sababu kiini cha TB hukua polepole sana. Kwa mgonjwa mahututi, daktari anaweza kuanza dawa za TB kabla jibu halijatoka. Hiyo si kubahatisha ovyo. Anapima hatari ya kungoja na hatari ya dawa.

Tujue pia mipaka yake. Wakati mwingine uboho hupimwa na hakuna kinachoonekana zaidi ya udhoofu unaoletwa na virusi vyenyewe. Hilo nalo ni jibu, linafunga milango kadhaa. Lakini halimaanishi kwa uhakika kamili kwamba ugonjwa haupo, maana sindano huchukua sehemu ndogo tu ya kitalu. Tena kipimo si dawa. Kinaonyesha njia, kutembea ni kumeza dawa, na kurudi kwenye dawa za virusi kwa wakati ambao daktari amepanga.

YALE TUNAYOSIKIA VIJIJINI

"Mtu akitolewa uboho hatembei." Sindano huingia kwenye mfupa wa nyonga, haiendi kwenye neva za uti wa mgongo. Wengine huchanganya na kipimo cha maji ya uti wa mgongo, ambacho ni kingine kabisa na hufanywa kwa homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa wengi husimama na kutembea siku ile ile, kama walikuwa wanatembea kabla.

"Damu itaisha kabisa." Kinachotolewa ni kidogo sana. Na uboho hujijaza wenyewe.

"Uboho huuzwa." Uboho anaopewa mgonjwa wa saratani ya damu hutolewa kwa mtu mwenye afya aliyekubali, baada ya kulinganishwa na mgonjwa, tena huhitajika mwingi. Matone ya mtu mgonjwa hayana kazi hiyo. Huenda kwenye vioo vya maabara, basi.

"Wakipima uboho ujue mtu anakufa." Hii inatoka wapi? Ni kwa sababu mara nyingi tunangoja mpaka mgonjwa amekwisha, ndipo tunakubali. Akifa, sindano ndiyo inalaumiwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, tulinde siri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu virusi na UKIMWI inakataza kutangaza hali ya mtu bila ruhusa yake. Mwanachama akituambia, tunyamaze nalo.

Pili, asiende peke yake. Kipimo hiki kwa kawaida hufanyika katika hospitali kubwa za rufaa, kama Kenyatta kule Nairobi au Moi kule Eldoret, na baadhi ya hospitali kubwa za kaunti. Nauli, chakula cha anayemsindikiza, na mtu wa kukamua ng'ombe wake huku nyuma: haya ndiyo kikundi kinaweza. Mkimteua mtu wa kumsindikiza, awe anayeweza kuuliza na kuandika majibu.

Tatu, tuulize gharama mapema. Dawa za virusi na za TB hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kipimo cha uboho kinaweza kuwa na malipo. Tangu Oktoba 2024 kazi ya NHIF imechukuliwa na SHA. Mwanachama ahakikishe amejiandikisha akiwa mzima, na aulize kwenye ofisi ya malipo ni nini kinalipwa na ni nini hakilipwi.

Nne, tuwe na maswali haya mfukoni:

– Mnashuku ugonjwa gani?
– Vipimo vyepesi vimefanywa vipi, na vimeonyesha nini?
– Jibu la uboho litabadilisha matibabu kwa njia gani?
– Tukikataa, mtafanya nini badala yake?
– Atapewa ganzi na dawa ya maumivu?
– Jibu litatoka lini, na tumwone nani?

Swali la tatu ndilo kubwa. Kama jibu halitabadilisha lolote, mgonjwa ana haki ya kusema hapana. Na kama litabadilisha, basi siku moja ya kungoja ni siku nyingi. Anayeamua ni mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Mjomba, mama, kikundi na sisi wafanyakazi wa jamii tunashauri tu.

Wiki tatu baada ya mazishi tulirudi kwa yule mama. Tulimchorea mfupa wa nyonga kwenye vumbi la uwanja wake na kumweleza kama tulivyowaeleza ninyi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni kitu kidogo hivyo." Hatukuwa na la kumjibu. Lakini amekubali kuketi na familia nyingine zitakapofika mahali alipofika yeye, na tayari ameketi na mbili.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni uvumi gani kuhusu hospitali unaosikika zaidi kijijini kwetu? Ulianza vipi?

2. Mwanachama akiambiwa leo kwamba anahitaji kipimo asichokijua, atamwendea nani kati yetu?

3. Je, kuna mwenzetu aliyeacha dawa kwa sababu ya kazi ya mbali? Tunaweza kumsaidiaje azipate huko aliko?

4. Tuchague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kuwasindikiza wagonjwa. Tutawawezeshaje kwa nauli?